Kuhudhuria na Kuwepo: Semina na Makongamano Yanapohamia Mtandaoni



Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kabla hatujalitafakari: semina, warsha na makongamano yanayofanyika kwa njia ya mtandao. Zamani, na si zamani sana, mwalimu, muuguzi, katekista au padre aliyeitwa kwenye mafunzo alifunga begi, akatafuta nauli, akapanda basi la alfajiri. Leo anatumiwa linki kwenye simu. Tunataka kujiuliza ni nini kinachofika kwa linki hiyo, na ni nini kinachobaki njiani.

Tuanzie Migato. Hii ni kata ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, katika eneo ambalo hadi mwaka 2012 lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Bariadi na Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Tulikuwa huko kwa kazi ya kichungaji wakati wa likizo, na jioni moja baada ya sala ya jumuiya tulikaa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye wiki chache kabla alikuwa amemaliza mafunzo ya siku mbili kwa njia ya simu. Tulimpongeza. Akacheka kidogo, kisha akatueleza yalivyokuwa.

Mtandao wa kuweza kubeba video ulipatikana kwenye kona moja tu, karibu na zizi la jirani. Bando alinunua kwa fedha yake. Siku ya kwanza alisikia karibu nusu ya mada, kwa sababu sauti ilikuwa ikikatika na ng'ombe nao hawakujua kwamba kuna semina. Siku ya pili simu ilizima saa tano asubuhi. Alasiri aliazima simu ya mwenzake ili aandike jina lake pale washiriki walipotakiwa kuthibitisha mahudhurio. Baada ya siku chache cheti kikaja, kizuri, chenye nembo na jina lake kamili.

"Nimehudhuria," alituambia, "lakini sikuwepo."

Neno hilo ndilo lililozaa somo hili.

Kinachotendeka ukumbini

Kabla ya kuhukumu mtandao, tuulize kwanza watu hukusanyika kwa nini. Tukifikiri kwamba kongamano ni hotuba tu, basi hakuna sababu ya kumsafirisha mtu. Hotuba inaweza kurekodiwa na kutumwa.

Nchi yetu ina uzoefu mrefu wa mikutano. Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC, kilianzishwa mwaka 1978 katika majengo yaliyokuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, iliyovunjika mwaka uliotangulia. Na ni Arusha hiyohiyo ambako, mwezi Juni 2007, ulifanyika mkutano wa TEDGlobal. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwa kijana wa Malawi, William Kamkwamba, ambaye aliacha shule kwa kukosa ada, akasoma vitabu vya maktaba ya kijijini na kujenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme nyumbani kwao. Alizungumza dakika chache tu, kwa Kiingereza cha kubabaika. Waandaaji wa mkutano ule walikuwa wameanza mwaka 2006 kuweka hotuba zao kwenye intaneti bila malipo, kwa hiyo hata leo mtu wa Migato mwenye bando anaweza kumwona kijana yule akizungumza.

Lakini tuangalie vizuri. Waliomtazama kwenye simu walipata hotuba yake na wengi walitiwa moyo. Waliokuwa Arusha walimfuata baada ya hotuba, wakamuuliza habari za kwao, na baadhi yao wakajitolea kumlipia masomo. Alirudi shule. Hotuba ilipita kwenye waya, ila ada ililipwa na watu walioshikana naye mkono.

Kuna mkutano mwingine unaotufundisha jambo hilohilo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mkutano wa eLearning Africa, ambao kazi yake hasa ni kujadili kujifunza kwa njia ya teknolojia barani Afrika, ulianza Addis Ababa mwaka 2006 na umekuwa ukihama kutoka mji hadi mji. Dar es Salaam iliupokea mwaka 2011 na tena mwaka 2025. Mabingwa wa kufundisha kwa mbali hupanda ndege ili wakazungumze ana kwa ana. Hatusemi hivyo kuwadhihaki. Wanajua kazi yao, na wanajua kwamba mengi ya kongamano hutendeka wakati wa chai.

Mtu wa kijijini anajua hilo zaidi. Semina ya mjini ilimpa muuguzi wa zahanati nafasi ya kumuuliza mwenzake wa wilaya nyingine: ninyi mnafanyaje dawa hii ikiisha? Ilimpa mwalimu usiku mbili za kulala bila kusahihisha madaftari. Posho nayo, tuseme ukweli, ilinunua sare ya mtoto. Tumewasikia watu wakisema kwamba wafanyakazi walipenda semina kwa sababu ya posho tu. Huenda wapo. Lakini anayesema hivyo mara nyingi haishi mahali ambapo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na mtu mwingine wa fani yake.

Yaliyo mema tusiyakatae

Mabadiliko haya yalikuja kwa kishindo mwaka 2020. Zoom, ambayo Desemba 2019 ilihesabu washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku, ilifikia milioni 300 Aprili 2020. Hapa Tanzania shule zilifungwa kuanzia katikati ya Machi mwaka ule, baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa, na vyuo vikafunguliwa tena Juni. Makanisa yetu yalibaki wazi, kwa hiyo sisi hatukujifunza kwa ukali uleule walioupata ndugu zetu wa nchi nyingine maana ya kutazama Misa kwenye kioo. Lakini mikutano ya kikazi ilihama, na baada ya ugonjwa kupungua mingi haikurudi. Waandaaji waligundua kwamba mtandao ni nafuu.

Kuna watu ambao mlango huu umewafungulia kweli. Mama anayenyonyesha, ambaye zamani jina lake lilirukwa kwenye orodha ya kwenda mafunzoni, sasa anaweza kusikiliza akiwa na mtoto mgongoni. Wauguzi na madaktari, ambao leseni zao huhuishwa kwa kuzingatia mafunzo endelevu, wanaweza kuanza kukusanya alama bila kuiacha zahanati yenye mhudumu mmoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza kwa vitabu na vituo vya mikoani; leo mwanafunzi wake anafungua masomo kwenye simu. Na tarehe 1 Novemba 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alizungumza kwa njia ya mtandao na vijana wa vyuo vikuu vya Afrika, akasikiliza maswali yao na kuwajibu. Vijana wale wangepata lini nauli ya kwenda Roma?

Kwa hiyo hatuwafundishi waamini kuuogopa mtandao. Tunachosema ni kwamba gharama ya mafunzo haikuondoka, imehama. Zamani aliyekuita alilipa nauli, malazi na chakula. Siku hizi mara nyingi aliyeitwa analipa bando, anachaji simu kwa fedha yake, anatafuta mahali penye mtandao, na kazi yake ya siku inabaki ikimsubiri kwa sababu "hakusafiri". Haki inadai tuhesabu upya. Taasisi inayookoa fedha za ukumbi na kushindwa kutuma fedha ya bando kwa mshiriki aliye kijijini, imemhamishia mzigo aliye dhaifu zaidi. Tunalisema hili tukijua kwamba hata ofisi zetu za Kanisa zinaweza kuwa na kosa hilo.

Kuna pia suala la lugha. Kwenye ukumbi, asiyeelewa Kiingereza cha mtoa mada humgusa jirani yake na kunong'ona. Kwenye simu hana wa kumgusa. Anazima sauti yake, na sauti hiyo inabaki imezimwa hadi mwisho.

Barua za Paulo na redio ya mwaka 1973

Je, kujifunza kwa mbali ni jambo geni kwa Kanisa? Hapana. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni mafunzo kwa mbali. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajawahi kufika kwao. Lakini tufuatilie barua zile zilivyosafiri. Katika Kol 4:7-9 tunaona kwamba barua haikuenda peke yake. Alikwenda nayo Tikiko, pamoja na Onesimo, na kazi yao ilikuwa kuwaeleza ndugu wa Kolosai habari zote ambazo hazikuandikwa. Katika Rum 16:1-2 tunamkuta Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea, ambaye wafafanuzi wengi wanamwona kuwa ndiye aliyeipeleka barua Roma. Halafu katika Kol 4:16 Paulo anaagiza barua isomwe mbele ya Kanisa, kisha wabadilishane na Walaodikea. Hakuandika ili kila mmoja aisome peke yake chumbani. Kulikuwa na neno kutoka mbali, na mtu wa kulileta aliyeweza kuulizwa, na watu waliokaa pamoja kulisikia. Tukiondoa hao wawili wa mwisho, kinachobaki ni karatasi.

Naye mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane, katika aya ya 12, anakiri kwamba ana mengi ya kusema ila hapendi kuyasema yote kwa karatasi na wino. Anatumaini kufika na kuongea uso kwa uso. Hakuidharau karatasi, maana maneno hayo yenyewe ameyaandika kwenye karatasi. Alijua tu mwisho wa uwezo wake.

Wazee wetu wa Tanzania walilijua hilo pia. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Kwa majuma kadhaa watu wapatao milioni 2 walijifunza kuhusu malaria, kichocho, minyoo na magonjwa mengine. Redio ilikuwa ndiyo teknolojia mpya ya wakati ule vijijini, lakini mpango haukuwa kwamba kila mtu asikilize kwake. Waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi. Redio peke yake haichimbi choo.

Ni miaka hiyohiyo ya sabini ambapo maaskofu wa AMECEA walikuwa wakiweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika nchi zetu. Hatusemi moja lilizaliwa na lingine. Tunaona tu kwamba ni watu walewale, chini ya miti ileile.

Jumamosi moja shuleni

Turudi Migato, kwa sababu mwalimu yule hakuishia kwenye malalamiko.

Walimu wa Tanzania wana utaratibu unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaoratibiwa kitaalamu na Taasisi ya Elimu Tanzania. Moduli za kujifunzia zinapatikana kwenye mfumo wa mtandao wa taasisi hiyo. Lakini kiini cha utaratibu huu ni Jumuiya za Ujifunzaji: walimu wa shule moja, au wa shule za jirani katika klasta, hukutana, huchagua tatizo la kufundisha linalowasumbua, na hulishughulikia pamoja. Simiyu ni kati ya mikoa 9 ya mradi wa Shule Bora, na kabla ya hapo ilikuwa katika mradi wa EQUIP-Tanzania, kwa hiyo walimu wa huku si wageni wa kukaa pamoja na kujadili kazi yao.

Baada ya semina ile ya karibu na zizi, mwalimu yule na wenzake wanne walikubaliana. Mmoja wao alipokwenda Bariadi kwa shughuli zake alipakua video za mafunzo na kuziweka kwenye kadi ya simu. Jumamosi walikutana darasani na spika ndogo ya kuchaji. Tulialikwa, tukakaa nyuma.

Video ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Waliisimamisha mara sita. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu mwalimu mmoja hakukubaliana na msemaji: darasa lililoonyeshwa lilikuwa na watoto thelathini, na yeye ana zaidi ya mia moja. Wakabishana kwa muda mrefu kuliko video yenyewe. Kisha mmoja akasimama kufundisha kutoa kwa kukopa, akitumia vizibo vya soda, na wenzake wakawa wanafunzi. Alikosea. Mwenzake akamwonyesha alipokosea, bila kumwaibisha. Yule aliyekosea akarudia, na mara ya pili hata sisi tusio walimu wa hesabu tulielewa kwa nini kumi inavunjwa.

Hakuna cheti kilichotolewa siku hiyo. Tunajiuliza ni mfumo gani wa alama ungeweza kuihesabu Jumamosi ile, na tunadhani wanaotunga mifumo hiyo wangefanya vema kujiuliza swali hilo pia.

Na sisi tunaojiandaa kwa upadre

Hapa mafrateri wasome kwa makini. Mafunzo baada ya upadrisho si hiari ya mtu mwenye kupenda vitabu. Kanuni ya 279 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri waendelee na masomo matakatifu hata baada ya kupewa daraja, na wahudhurie mihadhara ya kichungaji, kozi na mikutano ya kitaalimungu kwa nyakati zilizopangwa. Kanuni ya 555 inampa dekano wajibu wa kuangalia kwamba mapadre wa dekania yake wanahudhuria. Hati ya Mtakatifu Yohane Paulo II ya tarehe 25 Machi 1992, Pastores Dabo Vobis, inatenga sura yake ya sita kwa malezi endelevu, na inaianza kwa wito wa Paulo kwa Timotheo wa kuichochea upya karama aliyowekewa mikono (2 Tim 1:6). Mwongozo wa malezi uliotolewa Roma tarehe 8 Desemba 2016 unayaona malezi ya awali na malezi endelevu kuwa safari moja.

Padre aliye parokia ya mbali atashawishika kusema: nimesikiliza mhadhara wa profesa wa Roma kwenye simu, mkutano wa dekania wa nini tena? Profesa wa Roma anaweza kweli kujua zaidi kuliko wote watakaokuwa kwenye mkutano wa dekania. Ila profesa hataona kwamba padre huyu amekonda, au kwamba siku hizi ameanza kunywa akiwa peke yake. Wenzake wataona. Kwa maoni yetu mkutano wa dekania ubaki wa ana kwa ana, na mhadhara wa profesa uletwe pale kwa njia ya mtandao, usikilizwe na wote kwa pamoja na kubishaniwa. Kuhusu sakramenti hatuna haja ya kurefusha: tangu mwaka 2002, katika hati yake kuhusu Kanisa na intaneti, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilisema wazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti.

Lakini anayetutia wasiwasi zaidi si padre, ni katekista. Huyu ndiye anayeongoza ibada ya Dominika kigangoni padre asipofika, anayefundisha wakatekumeni, anayezika. Wengi wao wana simu za kitochi, ambazo hazifungui linki yoyote. Tukihamishia semina zao zote kwenye Zoom tutakuwa tumewaacha nje, na hakuna atakayegundua, kwa sababu asiyeweza kuingia hawezi hata kuandika kwamba ameshindwa kuingia.

Pale Migato katekista mmoja na wenzake wa vigango vya jirani wamepata njia yao. Mmoja wao ana simu janja. Anayewafundisha, aliye mjini, anamtumia ujumbe wa sauti wa dakika tano au sita, ambao hauli bando kama video. Siku wanapokutana wanausikiliza pamoja, mara mbili, kisha mzee wao anaueleza tena kwa Kisukuma. Swali wanalolipata wanalirekodi kwa sauti moja na kulituma.

Siku tulipokuwa nao swali lilihusu mjane aliyetaka kubatizwa na ambaye wakwe zake walikuwa wakidai arithiwe na shemeji yake. Walibishana juu ya namna ya kuliuliza ili mama yule asiaibike mtu akimtambua. Walirekodi mara tatu wakifuta. Ujumbe ulipokwenda, simu ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo, wakaizima ili itunze kwa ajili ya jibu. Jibu lilikuja siku ya tatu. Hatukuwepo kulisikia, lakini tulipewa habari kwamba waliitana vigango vyote, wakamwalika na mama mwenyewe, ndipo wakaiwasha.